Laptopu Iliyokataa Kulala

Miaka ile malori yalipokuwa yakirudisha watu Burundi, benchi la kahawa la Bonifasia pale Nyamiaga lilikuwa na wabunge wake wa kudumu: Shibuda, fundi redio, aliyejiita Injinia; Tomasi, aliyeshindwa udiwani mara tatu na bado akaitwa Mheshimiwa; na Erasmus wa Murusagamba, mpole, msikilizaji. Hivyo ndivyo walivyomjua. Kambini Lukole, kwa wakimbizi wa Burundi, na kwa mama yake Niragira, jina lake lilikuwa Sindayigaya, na kwa kuwa Kirundi na Kihangaza cha wenyeji ni ndugu wa tumbo moja, mwaka mzima hakuna aliyemshtukia. Jioni hiyo Matiasi, karani wa muda wa shirika moja la wakimbizi, alifika mbiombio na laptopu wazi mikononi, kama aliyebeba chungu cha uji wa moto.

— Shikamoo Mheshimiwa. Injinia, niokoe! Naizima, haizimiki. Imeleta kidirisha cha Kifaransa, inanikodolea macho tu.

— Bosi wako je? aliuliza Shibuda.

— Yuko Kigoma. Mimi vitufe navijua kwa kukariri. Siku zote nafungua, naangalia, nazima. Leo nimefuta jina moja kwenye orodha ya lori la Alhamisi, bibi mgonjwa, Niragira, hawezi hata kukaa. Ndo ukorofi ukaanza.

Erasmus alishusha kikombe.

— Inatusikiliza hiyo, Shibuda alinong'ona. Mnaiona taa inavyopepesa? Inapeleka maneno juu, setilaiti.

— Maneno gani, bei ya maharage? Bonifasia alicheka.

— Cheka tu, alisema Mheshimiwa, akisogea pembeni. Ndani mna majina ya marehemu. Kuna watu wanakula posho zao mpaka leo. Mashine inajua, ndo maana haifi.

— Marehemu wapi! alisema Shibuda. Hiyo inatafuta waliotoroka kambi. Ikimnusa mmoja karibu, hailali ng'o!

Wakatazamana. Kisha mmoja mmoja wakageuka kutazama nyuma yao.

— Ng'oa betri, Injinia! alifoka Mheshimiwa. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, kwa hiyo fanya upesi!

Kutoka alipokaa, Erasmus alikuwa ameshakisoma kidirisha. Kiliuliza jambo dogo: mabadiliko yahifadhiwe, au la? Betri ikitoka, jina la mama linarudi, na Alhamisi watampakia. Yeye akifungua mdomo, kwa Kifaransa hicho cha shule za Burundi benchi zima litamjua ni nani. Kidole cha Shibuda kilikuwa tayari kwenye betri.

— Acha! Inauliza kama ihifadhi ulichobadilisha. Matiasi, bonyeza cha kushoto. Hicho hicho.

Matiasi akabonyeza. Kidirisha kikaondoka, kioo kikawa cheusi, taa ikazimika.

Restituta, mchuuzi wa ndizi aliyefika punde kujaziwa kahawa kwenye chupa yake ya chai, alimtazama Erasmus kwa furaha.

— Kumbe kaka umesoma! Nasikia wewe wa Murusagamba, na mimi kwetu ni huko huko. Shule gani kule inafundisha Kifaransa?

Aliuliza kwa nia njema kabisa. Shibuda alimtazama Erasmus, Mheshimiwa akamtazama Erasmus, Matiasi akaikumbatia laptopu kifuani.

— Kahawa imeisha, alisema Bonifasia. Nyanyukeni, nafunga.

Akaliondoa birika jikoni kwa mikono miwili, maana lilikuwa bado zito kwa kahawa.