Sahani Nyekundu ya Mama Ndanu

Wasikilizaji wapendwa, sopa! Popote ulipo, Kitengela, Isinya, Kajiado mjini, na wewe wa Kimuka unayenilalamikia kila wiki kwamba redio inakwaruza, sogeza kiti. Ni Soipan. Leo tunamkumbuka Phylis Nzilani, Mama Ndanu wa Noonkopir, mwongoza ndege. Alituacha Jumanne iliyopita baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alikuwa na miaka sitini na miwili.

Mwongoza ndege ni nani? Ni yule anayekaa juu kwenye mnara wa uwanja wa ndege akimwambia rubani ngoja, tua, paa. Kazi yake ni kuhakikisha vitu viwili havikutani mahali pamoja. Mama Ndanu aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na tisa. Nasema tena, miaka ishirini na tisa! Na nusu ya majirani zake walidhani anauza tikiti.

"Shuleni waliniambia mama yako ndiye hupeana soda kwa ndege," anasema binti yake, Ndanu. "Nikimwambia, anacheka. Anauliza, mhudumu wa ndege na hivi viatu vyangu bapa?"

Nyumbani alikuwa na sheria moja. Chakula kikipakuliwa, cha yule ambaye hajafika kinafunikwa kwa sahani nyekundu ya plastiki. Unajua vile tunafanya huku kwetu. Ukiona chakula kimefunikwa mezani, unajua kuna mtu bado yuko nje, na mlango haufungwi. Ishike hiyo sahani, msikilizaji, tutairudia.

Sasa twende hadi Julai ya mwaka 2012. Uwanja wenyewe siutaji, familia imeniomba hivyo. Ni uwanja mdogo wa ndege ndogo. Saa nne asubuhi, Mama Ndanu alimruhusu Koinet, dereva wa trekta, kukata nyasi ukingoni kabisa mwa njia ya kurukia ndege. Kila alipogeuza trekta, ilipanda lami. Simu ikalia mnarani. Mama Ndanu akaijibu, akaandika mambo, akaulizwa hili na lile. Kisha ndege ikaita, ikiomba kutua. Akasoma upepo, akasema tua.

Alikuwa amemsahau Koinet.

Alipoinua macho, trekta ilikuwa juu ya lami na ndege iko mbele yake, karibu kugusa. Akapaza sauti kwenye redio: paa tena, paa! Ndege ikapaa. Ikapita juu ya kichwa cha Koinet na kwenda zake. Rubani, jua likimpiga machoni, hakuiona trekta; alidhani ni swala aliyekatiza njia. Akazunguka, trekta ikawa imerudi nyasini, akatua salama, na akamshukuru Mama Ndanu kwa kuwa macho. Hebu fikiria, akamshukuru!

Na Koinet? "Mimi nilikuwa nimeziba masikio, trekta iko na kelele," aliniambia. "Kofia yangu ilipeperuka. Nikasema, huu upepo wa Julai nao!"

Kwa hivyo hakuna aliyejua. Mnarani Mama Ndanu alikuwa peke yake. Na mwezi uliofuata, wasikilizaji, Mama Ndanu alikuwa aitwe kwenye mahojiano ya kuwa mkuu wa mnara ule. Angekuwa mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo pale. Alichohitaji kufanya ni kunyamaza tu.

Hakunyamaza. Mchana huohuo aliandika ripoti dhidi yake mwenyewe. Ilianza kwa neno moja: Nilisahau.

Mumewe, Mzee Mbuvi, hafichi kwamba alikasirika. "Nilimuuliza, kwani nani alikuona? Akaniambia, si mimi niko na macho, Baba Ndanu? Siku mbili sikumsemesha."

Aliondolewa kwenye redio miezi mitatu. Ukuu wa mnara ukapewa mtu mwingine. Lakini kabla hata wiki haijaisha, alienda hadi nyumbani kwa Koinet, nje ya mji wa Kajiado, akaketi, akakataa chai mpaka aseme. Akasema yote.

"Nilishangaa," asema Koinet. "Mtu wa ofisi kuja kwangu kuniambia karibu nikuue! Nikamwambia mama, kunywa chai. Hata sisi husahau ng'ombe, na tunawapenda."

Katika miezi hiyo, jioni moja, alikuwa anamfunikia Ndanu chakula. Akasimama na sahani mkononi. "Alisimama hapo mpaka ugali ukapoa," asema Mzee Mbuvi. "Kisha akasema, Baba Ndanu, hii naenda nayo kazini."

Aliporudishwa kwenye redio, akaenda nayo kwenye mkoba. Mnarani kuna kifaa cha upepo, mviringo kama saa ya ukutani. Huwezi kumruhusu rubani atue bila kumsomea upepo. Basi Mama Ndanu akasema, mtu yeyote akiingia kwenye njia ya ndege, kifaa hicho kifunikwe kwa sahani nyekundu. Akitoka, ndipo kifunuliwe. Wenzake walicheka mpaka machozi. Mama ameleta vyombo, sufuria iko wapi?

Mwaka uliofuata, mwenzake mmoja, Maundu, alikuwa tayari kusema tua. Akageuka asome upepo. Akakuta sahani. Akatazama nje, na nani yuko kwenye lami? Koinet, na trekta ileile. Hakuna aliyecheka tena. Siku hizi mnara ule una mfuniko maalum uliotengenezwa na fundi, lakini mpaka leo wanauita sahani.

Jumamosi tulimzika Isinya, kwenye shamba la familia. Maundu alikuja na ile sahani ya zamani, imepauka, akamkabidhi Ndanu. Wakati wa chakula, mkono wa Ndanu ulifanya ulichozoea. Akapakua cha mama yake, akakifunika, akakiweka mezani. Mzee Mbuvi akainuka polepole, akaifunua sahani.

"Huyu amefika," akasema. Kisha chakula kile akampa Koinet, naye akala chote.

Kwako Mzee Mbuvi, kwako Ndanu, na kwa jamaa wote, poleni sana. Tunalia nanyi, lakini leo tunajivunia zaidi ya tunavyolia. Mama huyu alikuwa wetu.

Na wewe unayenisikiliza, fikiria lile kosa lako ambalo hakuna aliyeliona. Mahali fulani kuna mtu kofia yake ilipeperuka, na mpaka leo anadhani ulikuwa upepo. Mwendee. Usinywe chai yake kabla hujasema.