Anestis Tsakiroglou, Aliyejizoeza Kutolia

Padri Fotis, majirani wa Nea Ionia, walimu wenzi wa marehemu, naomba radhi mapema kwamba historia hii itasomwa vibaya, kwa sababu familia ilitafuta mtu mwenye sauti nzito na uso wa heshima, ikamkosa, ikabaki na mimi Thrasivoulos, mdogo wa mjane wake, mchekeshaji wa jukwaani kwa miaka thelathini, kwa hiyo nikikosea tarehe mtanisamehe, na nikikosea adabu mtanizoea.

Marehemu Anestis Tsakiroglou alizaliwa tarehe 9 Mei 1951 hapa hapa Nea Ionia, mjini Volos, katika nyumba ya wakimbizi ya vyumba viwili, mtoto wa tatu wa mzee Prodromos, mfanyakazi wa kiwanda cha tumbaku, na mama Despina. Alisoma shule ya msingi na sekondari mjini humu, mwaka 1970 akaenda Athens kusomea ualimu wa mazoezi ya viungo, akahitimu mwaka 1973, akafundisha Karditsa kwa muda, kisha akarudi Volos, ambako alipuliza filimbi uwanjani hadi alipostaafu mwezi Juni 2009.

Tarehe 17 Septemba 1978 alifunga ndoa na dada yangu Evanthia katika kanisa la Evangelistria, na waliokuwepo wanakumbuka kwamba bwana harusi alilia kuanzia mlangoni, akalia walipovishwa mataji, akalia walipozungushwa meza, mpaka bibi harusi akamnong'oneza, "We Anestis, watu watadhani nimekuteka." Ndivyo alivyokuwa, alilia binti yao Hariklia alipozaliwa tarehe 2 Machi 1981, alilia timu ya shule iliposhinda na iliposhindwa, na alilia kwenye maonyesho yangu yote, safu ya pili, hasa pale watu walipopaswa kucheka, maana alimwonea huruma kila mjinga niliyemwigiza.

Pasaka ya mwaka 2006, ambayo ndiyo sikukuu ya jina lake, maana Anestis ni jina la ufufuko, alipewa zawadi ya kijitabu cha mafundisho ya Wastoiki, wale wazee wetu wa kale waliosema kwamba falsafa si maneno bali ni mazoezi ya roho ya kila siku, na ukishamtajia mwalimu wa viungo neno mazoezi, basi umekwisha. Aliyafanya kama alivyochuchumaa na kuinuka, asubuhi akitenganisha yaliyo katika uwezo wake na yasiyokuwemo, jioni akijihoji alikosea wapi, na mchana, baada ya kula na kabla ya kujinyoosha, akifanya zoezi gumu kuliko yote, la kujizoeza kumpoteza umpendaye akiwa bado yupo. Alikaa wima kitini, akafumba macho, akasema kwa sauti, "Evanthia amekufa," huku Evanthia yuko jikoni anaosha sahani, naye akimjibu, "Marehemu anauliza kama utakula tikiti."

Sitamdhulumu shemeji yangu. Miaka ile pensheni zilipokatwa na maduka yakafungwa, watu walimfuata uwanjani kila Jumamosi, mfamasia aliyepoteza duka, wajane, vijana wasio na kazi, akawafundisha kupumua, kusimama wima na kutoyalilia yasiyo mikononi mwao, na wapo wanaosema aliwaokoa, nami nawaamini. Ninyi mliojipanga pale ukutani na macho makavu kama alivyowafundisha, hongereni, mnamheshimu mwalimu wenu, ila dada yangu amewatazama tangu asubuhi akitafuta hata mmoja wa kulia naye.

Mwezi Oktoba 2017 Evanthia alifanyiwa upasuaji wa uvimbe wa titi huko Thesaloniki, na marehemu alikaa koridoni ametulia, anatafuna mkate wa ufuta, hata daktari alipotoka alimpita, akaja kunishika mkono mimi niliyekuwa nabubujika machozi, akasema, "Usihofu bwana, mkeo atapona." Dada alipozinduka aliuliza swali moja tu, "Alilia?" nikamwambia, "Analia kwa ndani," akageukia ukutani, "Thrasos, uongo wako uuze kwa kiingilio, mimi usinipe wa bure," na tangu siku hiyo alitaka kujua jambo hilo tu, kama ana mume, au alikwisha kuzikwa kitambo.

Mwezi Novemba 2024 marehemu alikutwa na saratani ya kongosho, akaipokea habari kama mtu anayesomewa ratiba ya basi, akawafariji madaktari. Ilikuwa hivyo hadi alasiri ya Jumatatu, tarehe 10 Februari 2025, Evanthia alipokuwa akimmenyea chungwa, marehemu akamtazama, akaanza kulia, kilio kile kile cha harusini, akasema, "Mke wangu, nimejizoeza wewe kufa, nimejizoeza mimi kufa, sikujizoeza wewe kubaki." Na dada yangu, aliyekingoja kilio hicho tangu Thesaloniki, alipandwa na uchungu wa miaka yote kwa mara moja, akamjibu kwa sauti ya uwanjani, "Tulia, Anestis, hilo haliko katika uwezo wako," naye, mwanafunzi mtiifu, akafuta machozi, akala chungwa lake, akatulia, na asubuhi iliyofuata akafariki bila neno jingine. Ameacha mjane, binti na wajukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mji, majirani walioleta supu ya samaki bila kuombwa, na walimu wenzake waliobeba jeneza, na baada ya maziko tunawakaribisha kahawa chungu na brandi ng'ambo ya barabara.

Tukija huku, ndani ya gari, dada aliniuliza, "Nani alimfundisha mume wangu kunyamaza?" nikawasingizia Wagiriki wa kale, maana hawana wa kuwatetea, lakini kijitabu kile nilimpa mimi, sijasoma hata ukurasa wake mmoja, nilichotaka ni aache kulia safu ya pili akiniharibia vichekesho. Lala salama, shemeji, na huko uliko lia utakavyo, maana huku ukumbi mzima uko kimya, kimya kile kile nilichokiagiza.