Utafiti wa Maziwa Una Mwenyewe

Bwana DO, uliyekubali kuketi nasi mchana huu. Chifu wetu na wazee wa baraza. Mchungaji, uliyetupa uwanja wa kanisa. Bwana Thornley na majirani zako wenye mashamba. Ndugu zangu wa laini zote za wafanyakazi kuanzia hapa Subukia mpaka Bahati. Akina mama mlioacha palizi mkaja. Na wewe Daktari Elijah Kahiga, pamoja na mkeo Mama Wangeci aliye kando yako: nawasalimu nyote kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake.

Jina langu ni Milcah Jepkoech. Mimi ni nesi wa dispensari hii, na nimefanya kazi na Daktari tangu alipoletwa bondeni. Nimeombwa niseme maneno ya kumuaga, kwa kuwa anahamishiwa Keringet, uhamisho ambao hakuuomba. Tulipokuwa tukiingia hapa alinivuta kando akaniambia, "Sista, toa shukrani tu, tuondoke kwa amani." Nimemtii mtu huyu miaka yote. Leo nitamtii nusu.

Wageni waalikwa, daktari ni nani? Tulizoea kwamba daktari ni mtu anayeketi hospitalini Nakuru, akingoja mgonjwa aletwe juu ya machela. Huyu hakungoja. Aliwafuata watu makwao wakiwa bado wanakamua na kupalilia, akatibu mtoto, akamuuliza mama, akamgeukia nyanya aliye kwenye kona, akataka kujua nani mwingine pale nyumbani alipata homa, na wanakula nini, na wanakunywa nini. Wengine walimcheka. Walisema daktari huyu ana maswali mengi kuliko dawa.

Mnaikumbuka ile homa. Ilikuja, ikaondoka, ikarudi. Mtu aliamka shuka imelowa jasho, mgongo unamkatika, viungo vinauma kama vya mzee, na sisi kwenye dispensari tulimpa kwinini kwa sababu kila homa tuliiita malaria. Alirudi tena, tukampa tena. Daktari alianza kusumbuka. Aliniambia, "Sista, dawa ikishindwa kila mara, labda kosa si la dawa. Labda ugonjwa ni mwingine."

Siku moja tulikwenda shamba la Bwana Thornley kumwona Kipkoech, mkuu wa wakamuaji, ambaye homa hiyo ilikuwa imemlaza. Daktari alimpima, akamaliza, halafu akamuuliza, "Na ng'ombe, hali yao?"

Kipkoech alicheka ingawa alikuwa na maumivu. "Daktari, umekuja kutibu watu au ng'ombe?"

"Nijibu kwanza, ndipo nitajua."

"Wanatupa ndama," akasema Kipkoech. "Mitamba mizuri kabisa. Ndama anatoka kabla ya wakati wake, amekufa."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la dawa, na nilimwona Daktari akimtazama Chelagat, mke wa Kipkoech, aliyekuwa amelala upande wa pili na homa ile ile. Tangu siku hiyo, kila shamba tulilokwenda aliuliza habari za zizi. Na shamba ambalo ng'ombe walitupa ndama, ndilo ambalo watu walilowa jasho usiku.

Lakini kuona si kuthibitisha. Ilibidi damu ipimwe, na chombo cha kuipimia kilikuwa Nairobi. Ndugu zangu, sina haja ya kuwaeleza miaka ile ilikuwaje. Hali ya Hatari ilikuwa imetushika shingo. Mkikuyu hakuweza kuvuka kutoka shamba hadi shamba bila pasi, na hapa alikuwapo Mkikuyu, mwenye gari, mwenye sindano, anayechukua damu ya watu na kuipeleka kwa garimoshi. Je, mlitarajia watu wafikiri nini? Uvumi ulienea kwamba damu inauzwa.

Tulizingirwa pale pale kwenye laini za Bwana Thornley. Watu walikuja na marungu, wengine na panga za kufyekea, wakasimama mbele ya gari na nyuma yake. Mzee mmoja alipiga kioo kwa fimbo. "Damu yetu unaipeleka wapi? Sema! Nani anainunua?" Mimi ni mtoto wa watu wale. Lugha yao ni lugha yangu, na niliyoyasikia yakisemwa nyuma ya gari sitayarudia mbele ya watoto.

Daktari alifungua mlango akatoka. Alivua koti, akakunja mkono wa shati, akaketi juu ya boneti mbele yao wote. "Sista," akasema, "anza na mimi."

Nilikuwa nikimtazama uso, sindano ikakosa mshipa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Usiniangalie uso. Angalia mshipa." Nikaangalia mshipa. Damu yake ilipoingia kwenye chupa, akaishika juu ili waione, akasema, "Hii inakwenda pale pale yenu itakapokwenda. Ikiuzwa, na mimi nimeuzwa."

Kisha Kipkoech, akiwa amejikongoja kutoka kitandani, alipenya katikati ya watu akanyoosha mkono. Baada yake yule mzee wa fimbo. Tulirudi na sanduku limejaa.

Majibu yalipokuja, wagonjwa wetu walikuwa na homa ya maziwa mabichi, ugonjwa ule ule unaotupisha ng'ombe ndama. Na Daktari alikuwa nao. Yeye pia! Kila boma alilokaribishwa alipewa maziwa, na hakuwahi kukataa, kwa kuwa kukataa ni kumtukana mwenye nyumba. Zile siku nilizomwona ameegemea ukuta akishika kiuno, nikidhani ni uchovu wa barabara, alikuwa mgonjwa. Aliisoma karatasi, akasema, "Basi utafiti umepata mgonjwa mmoja zaidi," akaendelea na kazi.

Alianza kuwaomba watu wachemshe maziwa kabla ya kuyatia kwenye kibuyu. Wazee wetu walikasirika, wakasema maziwa yaliyochemshwa ni maziwa yaliyouawa. Na Bwana Thornley alikasirika zaidi. Nalisema hili ukiwa umeketi hapa, Bwana, kwa sababu ulilisema na wewe hadharani. Ulipeleka malalamiko kwamba daktari Mkikuyu anawachochea vibarua na kuharibu jina la maziwa ya bonde. Pasi ya Daktari ikachukuliwa. Kwa mtu wa kabila lake, miaka ile, kunyang'anywa pasi kulikuwa na njia moja tu mbele yake, na mwisho wa njia hiyo kulikuwa na seng'enge ya kambi ya kizuizini.

Baraza likaitwa. Afisa wa wakati huo, aliyekutangulia wewe Bwana DO, alimwambia Daktari akane maneno yake, na pasi itarudi. Mama Wangeci alikuwa nyuma ya umati, ameshika mizigo miwili, wa mumewe na wake. Daktari alijibu, "Bwana, naweza kuyakana, lakini homa haitasikia." Askari wawili wakasogea karibu naye.

Hapo ndipo Chelagat aliposimama. Mwanamke hasemi barazani, na mambo ya tumbo lake hayasemi mbele ya wanaume popote pale. Mumewe alimshika nguo ili aketi. Hakuketi.

"Bwana Thornley," akasema, "ng'ombe wako akitupa ndama, daktari wa mifugo anafika kabla jua halijazama. Mimi nimepoteza mimba moja baada ya nyingine kwenye laini yako, nikapewa kwinini na kuambiwa nirudi kukamua. Huyu ndiye mtu wa kwanza kuniuliza. Mkimwondoa, nani ataniuliza tena?"

Afisa aliinamisha kichwa. Akaamuru zizi lipimwe kabla ya mtu kupimwa maneno yake, na zizi lilipopimwa, Daktari alionekana ana haki. Pasi ikarudi. Wale ng'ombe wagonjwa wakatengwa na kuchinjwa. Akina mama wakaanza kuchemsha maziwa, kwanza kwa siri, halafu bila siri, na homa ikapungua bondeni. Chelagat alipata dawa iliyomfaa, na baadaye akazaa mtoto wa kike, huyo anayelia hapo mbele tangu nianze kusema. Daktari hakudai kwamba ni kazi yake. Aliandika kwamba habari za mimba hajaweza kuzithibitisha, na akaomba wengine wachunguze zaidi. Huo ndio usomi, ndugu zangu: kujua pa kusimama.

Sasa nusu ambayo sitatii.

Utafiti huu umechapishwa Ulaya, katika jarida la madaktari. Madaktari wa nchi za mbali sasa wanafundishwa kumuuliza mwenye homa kama anakunywa maziwa mabichi. Lakini jina lililoko juu ni la mkubwa mmoja ambaye hajawahi kukanyaga Subukia. Mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, anashukuriwa "msaidizi wa Kiafrika." Hana jina. Naye Daktari alipoomba jina lake liandikwe, akapewa Keringet.

Bwana DO, sikuja kukugombeza. Wewe ni mgeni kwetu, na nimesikia unauliza kabla ya kuamua. Naomba uone kitu kimoja kwa macho yako. Ninyi mliotoa damu kwa mkono wa Daktari Elijah Kahiga, simameni.

Asante, Kipkoech. Asante, mama Chelagat. Simameni, msiogope, askari hawa ni wa kulinda magari tu. Na wale wa Bahati huko nyuma, asanteni.

Na...

Bwana Thornley.

Mimi sikukutaja, Bwana. Siri ya mgonjwa ni siri, na jinsi ulivyokuja kwetu kwa mlango wa nyuma na homa yako, ukatoa damu, ningezikwa nayo. Umejitaja mwenyewe kwa kusimama, mbele ya wafanyakazi wako, na umevua kofia. Sikulitarajia.

Daktari, inua uso uwaone.

Bwana DO, ukiandika Nairobi, andika ulichokiona hapa, na andika jina.

Sina zaidi. Kwa masikio yenu, na kwa miguu yenu pia, nawashukuru. Asanteni sana.