Gego la Kidosho Limezama

Muuza nyama: Haloo? Ni nani? Sema kwa nguvu, buchani kuna kelele—

Mkewe: Nani tena? Mkeo! Jina langu hulioni?

Muuza nyama: Mikono imejaa mafuta, Mama Kidosho. Habari za kwa daktari wa meno? Gego limeshatoka?

Mkewe: Litoke wapi! Mwanao kajifungia chooni.

Muuza nyama: Masikini. Tumbo?

Mkewe: Tumbo la nini! Jana ulimwambia nini huyu mtoto?

Muuza nyama: Mimi? Si aliniuliza gego linazamaje? Nikamwambia halizami, limegandana na mfupa. Wenzake wanapanda, lenyewe limebaki chini—

Mkewe: Hapo sawa. Halafu?

Muuza nyama: Halafu… hata ng'ombe, kiungo kikigandana—

Mkewe: Baba Kidosho!

Muuza nyama: —tunatia msumeno. Lakini nilimwonyesha ule mdogo!

Mkewe: Ulimwonyesha! Loo, mdomo huo utatuponza. Daktari anasema tukizidi kuchelewa, meno ya jirani yatalilalia kabisa, na jino la ukubwani lililo chini yake litakosa njia. Hata waya za kuyanyoosha hawezi kufunga kabla gego halijatoka.

Muuza nyama: Mbembeleze basi.

Mkewe: Nimembembeleza mpaka koo limekauka. Ana sharti moja.

Muuza nyama: Lolote! Anataka baiskeli?

Mkewe: Uje ukalie kiti wewe kwanza. Hilo jino lako bovu, unalolikwepa kwa kutafunia upande mmoja tangu tuoane, ling'olewe yeye akiona.

Muuza nyama: Haloo? Mama Kido… krrr… mtandao… krrrr…

Mkewe: Mume wangu, huo si mtandao. Hayo ni mate yako.

Muuza nyama: Nina wateja hapa, wamepanga foleni—

Mkewe: Nawasikia wanavyokucheka.

Muuza nyama: (kwa sauti ya chini) Mke wangu, naogopa. Ile sindano… naogopa kweli.

Mkewe: Pole, baba. Ila nimeweka spika. Kakusikia.

Muuza nyama: Nani? Mtoto? Yarabi, aibu gani—

Mkewe: Ngoja… Kafungua mlango! Anasema kumbe na wewe unaogopa. Basi ataanza yeye, wewe umshike mkono tu.

Muuza nyama: Kasema hivyo? Huyu huyu Kidosho?

Mkewe: Huyu huyu. Huku analia.

Muuza nyama: Mwambie asikalie hicho kiti. Ni changu. Navua aproni, nafunga duka—

Mkewe: Kweli unakuja?

Muuza nyama: Kata simu, mwanamke, kabla sijaghairi!