Daktari wa Meno Aliyekataa Neno "Wote"

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, kifungua mimba wa mshona viatu na muuguzi. Wengi mliopo hapa mlimwita Mama Dharau mkidhani hajui. Alijua. Sisi wadogo zake hatutamtetea. Alidharau waongo, na aliwachagua vizuri.

Alisoma shule iliyokuwa nyuma ya nyumba yetu, kisha akahitimu udaktari wa meno mwaka 2000. Alibobea katika kutibu mizizi: kusafisha mfereji uliooza ndani ya jino na kuutia dawa kabla ya kuuziba.

Kazini ndiko alikompata mumewe, wakati huo mchuuzi wa dawa, aliyeingia na tai nyekundu kuuza dawa mpya yenye chembe za nano, ndogo zisizoonekana kwa macho, za madini ya fedha.

"Inaua bakteria wote, daktari."

"Umeijaribu ndani ya jino, au kwenye kisahani cha maabara?"

"Kwenye kisahani."

"Basi kakiuzie kisahani."

Shemeji yetu alirudi na kopo la meno yaliyong'olewa. Wakajaribu pamoja. Dawa ile, ikichanganywa na ile ya zamani ya chokaa na kuachwa ndani ya mzizi wiki nzima, iliua bakteria wengi kuliko ya zamani peke yake. Ikitumika kusuuza tu na kutolewa, bakteria walijificha kwenye vitundu vya jino wakabaki hai. Wawili hao walioana Juni 2009.

Mwenye kliniki alikofanya kazi Marehemu alikuwa ameshabandika bango la dawa hiyo mlangoni: miadi moja, bakteria wote kwisha. Akamtaka Marehemu alithibitishe mbele ya waandishi wa habari. Marehemu akasimama, akasema, "Wote si kweli. Na kwa miadi moja, mnawafungia ndani tu."

Alifukuzwa kesho yake. Madaktari wenzake, watu wazima wenye vyeti ukutani, waliinamisha vichwa wakachezea simu. Baadhi yao leo wamependeza kweli kwa suti.

Mwalimu mmoja aliyetibiwa kwa haraka ile alivimba shavu mpaka jicho likafumba, akalazwa. Alipotoka, Marehemu ndiye aliyelifungua jino lake upya, akalitibu taratibu katika chumba alichokodi juu ya duka la rangi. Jino hilo linatafuna hadi leo.

Mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Mwenye kliniki alituma maua wodini.

"Mpeni mgonjwa wa jirani," Marehemu alisema. "Kwangu yananukia tangazo."

Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Septemba 2024, mumewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, mabinti wawili mapacha, mama yetu mzazi, na sisi wadogo zake watatu.

Jana mwenye kliniki alimpigia shemeji simu, akaomba wasifu huu useme kwamba walipatana kabla ya kifo.

Hawakupatana.

Dada, pumzika kwa amani.