Jembe la Siku ya Tatu

Hivi wajukuu zangu, mtu anaweza kwenda nchi ya watu, akarudi na picha tele, asijue jina la mwenyeji hata mmoja?

Muuza vipuri mmoja alirudi hivyo. Ndani ya treni itokayo uwanja wa ndege, masanduku yamembana magoti, alimsimulia mama asiyemjua, fundi cherehani, aliyeketi mbele yake. "Hoteli ile, mama, taulo mpya asubuhi na jioni! Na chakula nilibeba changu, cha makopo."

"Makopo ukayatupa wapi, mwanangu?"

"Si huko huko!" Akacheka peke yake.

Fundi, mwenye kikapu kimoja tu, alijiweka sawa kama mama wa bwana harusi. "Mimi huko nilikokwenda nililala kwa dobi, mjane mwenzangu. Lugha yake siijui, yangu haijui. Lakini mgeni siku mbili, baba. Ya tatu nikadai jembe kwa ishara, akanipa shuka zilizochanika nishone. Naye kanifundisha pindo lao, tazama!" Akageuza pindo la gauni lake, pana, limekunjwa mara mbili. "Mtoto akirefuka unafumua, hununui gauni jingine. Wateja wangu watalipenda hili!"

"Yaani mama, usafiri kote huko ukashone shuka? Si kujichosha?"

"Kujichosha! Tulipoagana alinililia kama dada yake."

Treni ikapunguza mwendo, fundi akashika kikapu chake. "Kwani wewe ulifuata nini huko, mwanangu?"

Akayatazama masanduku yake. "Nilifuata picha, mama. Kumbe nilitaka mtu anipe jembe."