Ubavu wa Kumi na Tatu

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, waheshimiwa walimu, ndugu wazazi na wageni waalikwa, na ninyi wahitimu mliovaa majoho niliyoyashona mimi: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mimi ndiye Mzee Sindano, fundi cherehani wa hospitali ya chuo hiki. Nitasema kidogo tu, maana mshtuko wenyewe bado haujanitoka.

Kwa miaka sita mkono wangu wa kushoto ulikuwa ukifa ganzi. Vitambaa vilinidondoka, mapindo yakaenda upogo, msimamizi akaniita mvivu, na mke wangu, yule pale, akaanza kuamini. Mwaka jana nilijitolea kupigwa picha ya eksirei ya kifua ili wanafunzi wapate ya kufanyia mtihani. Karibu wote waliandika mbavu kumi na mbili kila upande, kama kitabu kisemavyo. Binti mmoja akaandika: kushoto, kumi na tatu. Mwalimu wa picha, ndugu yangu, usijifiche nyuma ya maua. Ulimpa sifuri, ukamwambia afute ili apite. Je, alifuta? Alishikilia uzi uleule, akanifuata chumba cha kushonea na kuniomba mkono.

"Mzee, vinavyokufa ganzi ni hivi vidole viwili vya mwisho?"

Nikaitikia kwa kichwa. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote ni vidole vipi.

"Ulipokuwa tumboni, wiki ya nne," akasema, "mgongo wako ulikuwa na safu mbili za vijipande. Kila kimoja kikajigawa: sehemu moja ikawa mfupa, nyingine msuli, nyingine ngozi ya mgongo. Sasa kimoja cha shingoni kikaota ubavu, kama vile kiko kifuani. Ndio unaokubana mishipa."

Wiki ya nne, ndugu zangu! Mama yangu hata hana hakika kama ana mimba, mimi nimeshakatwa vipande na kupangwa! Nani alipima? Nani alishika chaki? Nilikaa juu ya rundo la mashuka.

Daktari aliutoa ubavu ule, na ganzi ikaisha. Mwalimu naye, nampongeza, alisimama mbele ya darasa akahesabu upya kwa sauti.

Majoho yote haya yana marinda kumi na mawili kila bega. La binti yule, bega la kushoto, lina rinda moja zaidi, nalo nimelishona kwa mkono. Binti, simama. Mwalimu, hesabu.

Kwa kunitegea sikio, asanteni sana.